Upande wa Feni

Mtu wa kwanza kumcheka Mshauri alikuwa Mshauri mwenyewe. Aliona zamani kwamba ukijicheka kabla ya wenzako unawapunguzia kazi, nawe unabakiwa na heshima kidogo ya aliyeanza. Kwa hiyo kila alipoulizwa ilikuwaje yeye, katika watu wote, akapewa kazi ya kuwatafutia ajira vijana wenye ulemavu, alijibu bila kupepesa macho:

"Walitafuta mtu mwenye uzoefu wa kuachishwa kazi. Hakuna aliyenifikia."

Haikuwa uongo mtupu. Aliwahi kuuza bima, akawaonea huruma wateja, akawashauri wakae kwanza wafikirie. Wakakaa, wakafikiri, hawakurudi. Aliwahi kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, mpaka siku alipomfungia mteja chokaa badala ya saruji, na mteja, naye mtu wa kuamini watu, akaijengea choo. Ziko na kazi nyingine alizozisimulia tu akiwa ameshiba, mbele ya watu wasiomfahamu.

Sasa mvi zilikuwa zimemshika pande zote mbili za kichwa, na alikuwa na meza yake katika kituo cha mafunzo, kwenye ukumbi mdogo baina ya darasa la ushonaji na mlango wa kutokea. Vijana wasioona, wasiosikia, wanaotembelea viti vya magurudumu, na wale ambao akili zao hushika jambo polepole, wote walipita mbele ya meza hiyo siku walipomaliza mafunzo. Yeye ndiye alikuwa mtu wa mwisho ndani na wa kwanza nje.

Alikuwa na utaratibu wake aliouita kuonja kazi. Kabla ya kumpeleka kijana mahali popote, Mshauri alikwenda mwenyewe akaifanya kazi ile siku moja au mbili. Aliikatakata vipande vidogo, kisha kila kipande akakichora kwenye kadi ngumu, ili kijana aweze kujifunza kwa macho, hatua baada ya hatua. Utaratibu ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa mwonjaji. Kwenye kiwanda cha mikate aliunguza nyusi. Mahali pa kuoshea magari alijifungia ndani ya gari la mteja huku mpira wa maji ukicheza peke yake nje kama nyoka aliyekunywa. Kwenye banda la kuku aliacha mlango wazi, na hadithi hiyo iishie hapo.

"Mwenzangu," mke wake alimwambia jioni ile ya kuku. Mke wake alikuwa msusi, na ulimi wake ulikuwa umenolewa na mazungumzo ya wateja. "Wewe unakwenda kuonja kazi, au kazi ndiyo inakuonja wewe?"

"Inanionja, mama watoto. Halafu inanitema."

Na michoro yenyewe usiseme. Watu aliowachora walifanana na uma zilizovaa mashati. Lakini vijana waliizoea, wakaielewa, na wengi wako kazini mpaka leo kwa sababu ya uma zile.

Kisha akaja Kitinda.

Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ndiye kitinda mimba, wa mwisho wa mama yake. Alikuwa msichana mkubwa wa umbo, mpole, mwenye kicheko kinachochelewa: wenzake wakishacheka wakanyamaza, ndipo cha kwake kinafika, kinasikika peke yake chumbani kama mgeni aliyekuta watu wameshakaa. Jambo jipya lilimchukua wiki nyingi kulishika. Likishashikwa, limeshikwa, ungelitoa kwa nyundo. Kaka na dada zake wote walikuwa na pa kwenda asubuhi. Yeye alikuwa mtu wa kufunga mlango nyuma yao.

Mwaka uliopita Mshauri alimpeleka kwenye duka la kuuza vitambaa. Wakamrudisha kabla ya wiki kuisha, na Kitinda akajifunika shuka, akageukia ukuta, asitake kula na wenzake kwa muda mrefu. Kwa hiyo mama yake alipokuja kituoni safari hii, hakukaa kwenye kiti alichovutiwa.

"Mwalimu," alisema, maana alimwita mwalimu ijapokuwa hakuwa. "Nitakubali mara hii. Ni ya mwisho. Sitaki mwanangu arudishwe tena kama sahani iliyoazimwa kwa jirani."

Mshauri alitaka kusema neno la busara. Akasema, "Nimekuelewa, dada," na hilo likawa ndilo neno la busara kuliko yote aliyowahi kusema pale mezani.

Nafasi ilipatikana kwenye kiwanda cha dobi, kule wanakofuliwa mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Ni chumba kirefu chenye joto la mvuke. Upande mmoja madirisha yanaangalia jua, upande mwingine ukuta wenye rafu, na juu ya rafu feni moja tu, inayozunguka kwa kulalamika. Katikati wanawake husimama wawili wawili, wakitazamana, wakikunja mashuka.

Mshauri alikwenda kuonja. Msimamizi, mwanamke mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio, akampangia afanye kazi na yule waliyemwita Dada Mkubwa, mkongwe kuliko wote mle ndani. Dada Mkubwa akamtazama yule mtu wa ofisini mwenye shati la mikono mirefu, ambaye jasho lilishaanza kumchora mgongoni.

"Karibu mgeni," akasema. "Simama hapa ukutani."

Akasimama ukutani. Wakalivuta shuka mpaka likanyooka, wakalikunja kwa urefu, na Dada Mkubwa akatembea kuja kwake, akamkabidhi ncha. Mshauri akazipokea, akamalizia mikunjo, akalipapasa, akaliweka kwenye rafu nyuma yake. Akageuka. Shuka jingine likaja. Upepo wa feni ulimshuka shingoni taratibu. Hakuunguza kitu. Hakuna kilichofurika wala kutoroka. Kufikia mchana rafu yake ilikuwa imesimama wima, nyeupe, kingo zimelingana.

Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Nimeipata," alimwambia mkewe. "Kazi niliyozaliwa nayo. Unasimama, unafungua mikono, shuka linakuja lenyewe. Unalimalizia."

"Linakuja lenyewe?"

"Linaletwa."

"Basi ndiyo maana umeiweza," alisema mkewe, akaendelea kuosha vitana vyake.

Kwa wiki nyingi zilizofuata, Mshauri na Kitinda walikunja mashuka kituoni. Mwalimu wa ushonaji aliazimwa ili awe mtu wa kuleta ncha. Kadi zilipangwa ukutani kwa mstari: uma imeshika shuka, uma inakunja, uma imefungua mikono, inangoja, uma inapokea, uma inamalizia, uma inaweka rafuni. Mwanzoni Kitinda alikuwa akiacha shuka lidondoke. Kisha likadondoka mara chache. Kisha siku moja alifungua mikono, akangoja, akapokea, akamalizia, akaweka, na kicheko chake kikafika wakati mwalimu wa ushonaji alikuwa ameshaanza kupangusa macho kwa pindo la nguo aliyokuwa akishona.

Siku ya kuanza kazi, Mshauri alimsindikiza Kitinda mpaka mlangoni mwa kiwanda. Pale akatoa hotuba. Kwa kawaida hotuba zake zilikuwa fupi kwa sababu alisahau zilizobaki, lakini hii aliifanyia mazoezi bafuni.

"Jamani," aliwaambia, "huyu binti hatukumleta kwa huruma. Msimpendelee. Msimbebe. Mpimeni kama mnavyompima mtu mwingine yeyote anayeanza hapa."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Msimamizi akasema atamtazama wiki nzima, na Ijumaa atatoa uamuzi. Mshauri akaondoka bila kugeuka nyuma, akijipongeza kwa kutogeuka nyuma.

Wao wakamtii. Hilo ndilo baya la kuhutubia watu wenye nidhamu.

Jumatano mchana simu yake iliita.

"Mshauri," ilisema sauti ya msimamizi, "binti yako anaganda."

"Anaganda vipi?"

"Anaganda. Anakunja vizuri, halafu anasimama amefungua mikono kama anaomba mvua. Tukimwambia tembea, anatembea. Shuka linalofuata anaganda tena. Mimi nina lori la hospitali linalongoja mlangoni. Sitaki kumwonea mtu, lakini Ijumaa si mbali."

Usiku Mshauri hakulala vizuri. Aliwaza kwamba wamemkaripia mtoto wa watu. Akawaza kwamba joto limemzidi. Akawaza kila kosa linaloweza kufanywa na kila mtu katika kiwanda kile, mmoja mmoja, kwa haki na bila upendeleo, na katika orodha hiyo ndefu mtu mmoja tu hakuwemo.

Alhamisi asubuhi alikuwa pale kabla toroli ya kwanza haijasukumwa. Kitinda alisimama upande wa dirishani, jua likimpiga mgongoni. Dada Mkubwa alikuwa ukutani. Wakavuta, wakakunja. Kisha Kitinda akafungua mikono akangoja. Dada Mkubwa naye akafungua mikono akangoja. Wakabaki hivyo, shuka limening'inia katikati yao, kama watu wanaomngoja mtu aruke kutoka ghorofani.

"Unaona?" alisema msimamizi.

"Haniletei," alisema Kitinda, akimwonyesha Dada Mkubwa kwa kidevu. Hakulalamika. Alitoa taarifa tu.

Mshauri alikunja mikono ya shati. Alihisi huruma na, aibu iliyoje, furaha kidogo pia. Maana hii ilikuwa kazi pekee duniani aliyoiweza.

"Msimamizi, niruhusu," alisema. "Mara nyingine mtu anahitaji kuona tu. Kitinda, sogea mama, nitazame mimi."

Akasimama mahali pa Kitinda, dirishani. Wakavuta na Dada Mkubwa, wakakunja, safi kabisa. Kisha Mshauri, kwa madaha ya mtu anayejua anachofanya, akafungua mikono akangoja.

Akangoja.

Mashine za kukaushia ziliendelea kunguruma. Mmoja wa wanawake wa meza ya pili akaacha kukunja ili aone vizuri.

"Unangoja nini?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Nangoja uniletee."

"Mimi nikuletee? Wa dirishani ndiye anayetembea, baba. Tangu kiwanda hiki kimejengwa."

"Siku ile ulikuwa unaniletea."

"Siku ile ulikuwa mgeni. Mgeni atasimamishwaje juani? Nilikupa mahali pangu."

Kicheko kilianzia meza ya pili, kikazunguka chumba chote, kikamfikia hata kijana wa mashine ambaye hakujua kinachochekwa. Mshauri alibaki ameshika shuka. Picha zake zote zilimpita kichwani kwa mstari, uma baada ya uma, kila moja imesimama ukutani, inapigwa na feni. Alipewa kiti cha heshima, akakidhania kuwa ndiyo kazi. Akakichora. Akakifundisha kwa wiki nyingi kwa mtu asiyesahau.

Mwishoni kabisa, wengine wakiwa wameshatulia, kicheko cha Kitinda nacho kikafika.

"Basi aelekezwe upya," alisema msimamizi, akijipangusa jicho. "Atembee. Ni jambo dogo."

"Kwa mimi na wewe ni dogo," alisema Mshauri. "Kwake ni wiki, pengine miezi. Kwanza afute nililomwandikia, kisha aandike jingine. Na wewe umesema kesho." Akaliweka shuka kwenye toroli. "Naomba asimame ukutani."

Wanawake wakageukia feni. Ukutani hapakuwa mahali pa kusimama tu. Kila aliyekuwa ukutani alishasimama dirishani miaka, jua likimchoma, akisubiri mkubwa wake aondoke. Msimamizi akaitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Si wewe uliyesema tusimpendelee?"

"Ni mimi."

"Kwa mdomo huo huo?"

"Ndio pekee nilionao. Ningekuwa na mwingine ningeutumia tangu mwanzo." Hakuna aliyecheka, na yeye hakungoja wacheke. "Nilisema maneno makubwa hapa mlangoni. Lakini mimi nilipokuja, mtu mzima mwenye mikono yangu na miguu yangu, hakuna aliyenipima. Mliona nimevaa vibaya na natoka jasho, mkanipa upande wa feni bila hata kuniuliza. Ndiyo sababu nikaiweza kazi. Ninachoomba ni kwamba huyu apewe kile kile mlichompa mjinga."

Sasa macho yote yalikuwa kwa Dada Mkubwa. Yeye alikuwa akipangusa shingo kwa kona ya kanga, taratibu, kama mtu anayepiga hesabu ya upepo aliokwisha kupigwa nao na ule uliobaki.

"Feni hii nimeirithi," alisema. "Aliyenitangulia alistaafu ndipo nikasogea. Wengine hapa wamengoja wakachoka."

"Najua, dada."

"Hujui. Ulisimama siku moja." Akamgeukia Kitinda. "Bibie. Mwache huyu mwanaume na maneno yake. Wewe unajua kumalizia shuka?"

Kitinda aliufikiria ule ukuta. Mshauri alifungua mdomo kumsaidia kujibu, akaona jicho la Dada Mkubwa, akaufunga.

"Najua," alisema Kitinda baada ya muda.

"Haya, njoo."

Wakapishana katikati ya chumba. Kitinda akasimama chini ya feni, nywele zake zikatikisika. Wakavuta, wakakunja. Kitinda akafungua mikono akangoja, na Dada Mkubwa akaanza kutembea, polepole, magoti yakimsema, mpaka akafika. Kitinda akapokea. Akamalizia, akapapasa toka katikati kwenda pembeni, akaweka rafuni, akasawazisha ukingo kwa kiganja. Akageuka, mikono tayari.

"Lete," alisema.

"Ebo," alisema Dada Mkubwa. "Sijarudi hata dirishani."

Wakakunja toroli nzima. Mwisho wake Dada Mkubwa alikwenda kwenye rafu, akalivuta shuka moja la katikati, akaligeuza, akalitazama kama mtu anayetafuta kosa kwa moyo wote. Akalirudisha.

"Asubuhi asimame yeye," alimwambia msimamizi. "Mchana jua likishakolea, ukuta ni wangu, na yeye aje huku nimfundishe kutembea. Polepole. Bila kadi." Hapo akamtazama Mshauri. "Hasa bila kadi."

"Na lori likichelewa?" aliuliza msimamizi.

"Likichelewa utanisema mimi. Huyu mtoto hataki kupumzika, atalichelewesha kwa lipi?"

Msimamizi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema Ijumaa ni Ijumaa.

Siku iliyofuata Mshauri alijiapiza kutokwenda mpaka jioni. Alikwenda saa nne. Alisimama pembeni, akajibana, akajitahidi kufanana na ndoo. Mashuka ya hospitali yalikuwa yamerundikana mpaka kwenye mlango, na Kitinda alikuwa akiyapokea moja moja, hana haraka, hana kituo. Wenzake wa meza nyingine walikimbia kisha wakapumzika, wakakimbia tena wakapumzika. Yeye alikwenda mwendo ule ule. Mara mbili shuka lilimtoka mikononi. Mara ya pili alikasirika, akalikanyaga, likabidi lirudi kufuliwa, na Mshauri akafumba macho.

"Mjomba Mshauri," Kitinda alimwita.

"Naam, mama."

"Sogea. Unanizibia upepo."

Akasogea. Baada ya chakula walibadilishana pande, na pale dirishani kila kitu kikawa kigumu upya: Kitinda aliganda, akaambiwa tembea, akatembea, akaganda. Dada Mkubwa hakumpandishia sauti. Alisema tu, "Miguu, bibie," kila mara, kwa sauti ile ile, kama mtu anayehesabu tasbihi. Mshauri aliona itachukua muda gani. Aliona pia kwamba hapakuwa na la kufanya yeye. Hilo lilimuuma, kisha likampunguzia mzigo, kisha likamuuma tena.

Lori la hospitali lilikuja, likapakiwa, likaondoka. Lilichelewa kidogo. Dereva alinung'unika kidogo. Msimamizi alisimama mlangoni mpaka lilipopotea, kisha akarudi ndani, na chumba chote kikapunguza mazungumzo.

"Kitinda," alisema. "Jumatatu uje na viatu vya kufunika vidole. Sakafu hii ina maji, na ukiumia wataniuliza mimi."

Kitinda akatazama vidole vyake kwenye ndara.

"Sina," alisema.

"Ndiyo utafute. Una siku mbili." Kisha akamgeukia Mshauri. "Nitamwandikisha kwa miezi mitatu, kisha tutaona. Na wewe ukija tena kuonja kazi, utasimama dirishani."

Mshauri alitoka nje kumpigia simu mama yake Kitinda. Kwa haraka akabonyeza namba ya fundi bomba, akamwomba radhi, akaanza upya.

"Dada, ni mimi."

Upande wa pili alisikia mtu akishusha kitu kizito, pengine ndoo, pengine pumzi.

"Wamemrudisha," alisema mama.

"Wamesema Jumatatu aje na viatu vya kufunika vidole."

Mshauri aliona ndio wakati wa maneno ya maana, akaanza kueleza kuhusu miezi mitatu, na mazoezi ya mchana, na jinsi familia inavyoweza kushirikiana na mwajiri katika kipindi cha mwanzo, na kwamba kosa lililotokea lilikuwa la kwake yeye mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho na angependa kulieleza kinaganaga. Alieleza vizuri. Alieleza kwa muda. Alipofika mahali pa kuuliza kama kuna swali, akagundua kwamba simu ilikuwa imeshakatwa kitambo. Mama alikwisha kutoka kwenda kutafuta viatu, kabla maduka hayajafungwa.